Usipulize Usichokiona

Hotuba kwa waamuzi vijana wa soka, siku ya ufunguzi wa kozi yao, Tanga

Mgeni rasmi, viongozi wetu wa mpira wa miguu wa mkoa na wilaya, makamisaa mnaosimamia mechi, wakufunzi wenzangu, na nyinyi vijana mlioketi hapa mbele na madaftari yenu mapya: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Wakufunzi wenzangu watawapitisha kwenye Sheria 17, kuanzia ya kwanza inayohusu uwanja hadi ya mwisho inayohusu kona. Mimi nimeombwa nizungumzie mwenendo wa mwamuzi na maandalizi yake. Nilipokaa kuandika nilijaribu kuyatenganisha mambo haya mawili, maadili huku, mazoezi na vifaa kule. Nikashindwa. Nikiangalia miaka yangu yote ya filimbi, kila mahali nilipoinyima timu haki yake, chanzo kilikuwa maandalizi mabovu. Sikuwahi kupokea hela ya mtu. Lakini niliwahi kuinyang'anya timu pointi zake mchana kweupe, na leo nawaeleza ilivyokuwa.

Ilikuwa mechi ya ligi ya wilaya, mwaka wangu wa tatu kazini. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa harusini hadi saa 8. Asubuhi nikapanda basi, likaharibika njiani, nikafika uwanjani zimebaki dakika 15. Sikukagua uwanja. Wasaidizi wangu niliwasalimia tu, tukaingia. Kufika dakika ya 70 miguu ilikuwa imekwisha. Beki wa wenyeji akapiga mpira mrefu, winga wao akaukimbilia, mimi niko mita 40 nyuma. Akaingia ndani ya kumi na nane, beki wa wageni akateleza, vumbi likatimka, winga akaanguka. Uwanja mzima ukainuka kwa sauti moja: penalti! Nikapuliza. Mkono wangu ulishaonyesha alama ya penalti kabla akili haijajiuliza jicho limeona nini.

Yule beki wa wageni, kijana wa kama miaka 18, hakunitukana. Alinisogelea taratibu akaniuliza, "Kaka refa, umeona nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona vumbi. Wenyeji walishinda 1-0 kwa bao hilo, wakanisindikiza kwa shangwe hadi barabarani. Hakuna aliyenipa hata soda. Lakini kwa yule kijana kulikuwa na tofauti gani kati yangu na refa aliyehongwa?

Tangu siku hiyo nina jambo moja ninalolisimamia, na ndilo nimelileta hapa. Refa anayebahatisha hubahatishia upande wenye kelele. Usipoona kwa macho yako, utaamua kwa masikio, na masikio yanawasikia wenyeji, yanaisikia timu kubwa, yanalisikia benchi linalofoka. Timu ndogo iliyosafiri na mashabiki wanane kwenye Hiace haina sauti ya kukusaidia. Haki yake yote iko miguuni mwako, kwa kuwa miguu ndiyo inayokufikisha mahali pa kuona.

Kwa hiyo tuanze na miguu. Kipimo cha FIFA kwa waamuzi wanaume wa kimataifa ni mbio za mita 40 mara 6, kila moja isizidi sekunde 6. Baada ya hapo mita 75 kwa sekunde 15, unatembea mita 25 kwa sekunde 18, unarudia mara 40. Piga hesabu: ni kilomita 4, na kila mita 100 zimegawanywa hivyohivyo hadi mwisho. Najua mtasema, sisi tunaanzia chini, hayo ya kimataifa yako mbali. Mpira unaopigwa kwenye ligi ya wilaya haukimbii polepole eti kwa sababu ni wa wilaya. Kwenye viwanja vyetu vyenye mashimo unadunda ovyo zaidi, na refa katika mechi moja huenda kilomita 10 hadi 12. Anayejifua wiki moja kabla ya kipimo anajiandaa kufaulu kipimo tu. Kocha wa timu hawaambii wachezaji wake wapumzike mwezi mzima kisha wacheze Jumamosi. Wewe unayetakiwa kuwa karibu na wote 22 utafanyaje hivyo?

Na hapa Tanga tuna joto. Unyevunyevu wa bahari yetu mnaujua, saa 10 jioni jezi inakuwa kama imechovywa kwenye ndoo. Januari 12, 2022, kule Limbe, Cameroon, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, akarudisha wachezaji, kisha akapuliza tena filimbi ya mwisho kabla ya dakika 90 kutimia. Watu walimcheka dunia nzima. Baadaye ikaelezwa kwamba alikuwa amepatwa na athari ya joto kali. Huyu alikuwa amechezesha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, ya 2017, na baada ya tukio hilo alirudi kuchezesha Kombe la Dunia Qatar mwaka huohuo wa 2022. Mtu wa kiwango chake joto lilimvuruga akili. Basi wewe uliyekunywa chai ya rangi asubuhi na kushinda hivyo hadi jioni unategemea nini? Maji yanaanza kunywewa siku moja kabla ya mechi. Chakula kiliwe saa tatu au nne kabla, kiwe unachokizoea. Na ukihisi kichwa kinazunguka uwanjani, simamisha mchezo, mwite mwamuzi wa akiba. Hiyo nayo ni kazi ya refa.

Sasa begi. Nikimtazama refa anavyopanga begi lake usiku, najua atakavyochezesha kesho. Filimbi mbili, kwa sababu moja itaingia mchanga. Saa za mkononi mbili, moja huisimamishi. Kadi, sarafu, kijitabu, kalamu mbili, jezi ya rangi ya pili. Mimi niliongeza kitu ambacho sikufundishwa na mtu: kamba ya katani niliyoipima nyumbani na kuifunga mafundo. Fundo la mita 2.44 kwa urefu wa goli kwenda juu, fundo la 7.32 kwa upana wake, la 9.15 kwa umbali wa ukuta wa wachezaji faulo ikipigwa, na mwisho wa kamba mita 11 kwa alama ya penalti. Nimewahi kukuta alama ya penalti imepigwa hatua tisa, na uwanja mwingine hatua kumi na tano upande mmoja na kumi upande wa pili. Waandaaji walinikasirikia nilipowaomba chokaa wapige upya. Lakini walipiga, kwa sababu nilifika saa mbili kabla na muda ulikuwepo. Refa anayefika timu zikiwa zimeshapasha misuli hana muda wa kukasirikiwa, anapokea uwanja ulivyo.

Nyavu nazo zishikwe kwa mkono. Usizitazame kwa mbali. Oktoba 2013, kwenye ligi kuu ya Ujerumani, Stefan Kiessling wa Bayer Leverkusen alipiga kichwa dhidi ya Hoffenheim, mpira ukaenda nje ya mlingoti, ukapita kwenye tundu la wavu wa pembeni, ukatulia golini. Bao likakubaliwa, na Leverkusen wakashinda 2-1. Ni Ujerumani hiyo, yenye kamera kila kona. Huku kwetu nyavu zinashonwa kwa kamba za mifuko ya mahindi, na bado tunaona uvivu kuzikagua?

Kijitabu. Naomba mnisikilize hapa. Juni 22, 2006, mjini Stuttgart, mwamuzi Graham Poll wa Uingereza alimpa Josip Šimunić wa Croatia kadi tatu za njano katika mechi moja. Moja ya kadi hizo aliiandika kwa namba 3 wa Australia. Šimunić naye alikuwa namba 3, amezaliwa na kukulia Australia, na anapozungumza ana lafudhi yao. Poll alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa kupewa hatua za juu za mashindano yale. Alirudi nyumbani. Lilikuwa kosa la mstari mmoja kwenye karatasi, na wenzake wawili pembeni na wa akiba hawakulinasa. Ndiyo maana kadi ikitoka wote wanne wanaandika, na ikitoka ya pili unasimama, unasoma kijitabu chako, ndipo unaendelea. Mchezo utasubiri sekunde tano.

Hii inanipeleka kwenye kikao cha waamuzi kabla ya mechi. Wengi wanakifanya kuwa mazungumzo ya nauli na habari za nyumbani. Kikao cha kweli kina maswali: Faulo ikitokea jirani na wewe msaidizi mimi niko mbali, utanyoosha kibendera au utasubiri? Mpira ukiwa kwenye mstari wa goli utanionyeshaje? Wachezaji wakinizunguka, nani anaangalia mgongoni kwangu? Ingekuwa siku ile ya vumbi nimemwambia msaidizi wangu, "Nikichelewa, nitazame machoni, ukiwa umesimama tuli maana yake si faulo," yule beki asingeniuliza lile swali. Baada ya mechi msaidizi aliniambia alikuwa ameona vizuri kabisa kwamba hakuguswa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Hukuniuliza, kaka, na ulishapuliza." Alikuwa sahihi.

Na mkumbuke kwamba Sheria ya 5 inawaruhusu kubadili uamuzi mkigundua umekosewa, mradi mchezo haujaanza tena na kipindi hakijamalizika. Siku ile nilikuwa na nafasi hiyo. Kabla mkwaju haujapigwa ningeweza kumwita, tukazungumza, nikarudisha mpira kwa kudondosha. Niliona aibu mbele ya watu. Vijana, aibu ya dakika moja ibebeni. Mtakachokibeba mkikwepa aibu hiyo ni kizito zaidi, mimi bado ninacho. Lakini pia, ikiwa mmeshachelewa, msilipe kosa kwa kosa. Ukishawapa hawa penalti isiyokuwepo, ukawatafutia na wale ya kwao, umeharibu mechi mara mbili, na timu zote mbili zitajua.

Sheria zenyewe hubadilika, na mabadiliko huanza kutumika kila mwaka katikati ya mwaka. Tangu msimu wa 2025/26 kipa akishikilia mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona, na mwamuzi anahesabu sekunde 5 za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Zamani ilikuwa sekunde 6 na adhabu ya mpira usio wa moja kwa moja, yaani bao halihesabiki hadi uguswe na mchezaji mwingine. Nimewahi kumsikia mwamuzi mwenye uzoefu mkubwa akimjibu mchezaji kwa sheria iliyokufa miaka minne nyuma, mchezaji akamcheka. Heshima ikishatoka hivyo hairudi kwa kupuliza kwa nguvu.

Sasa nije kwenye bahasha, kwa sababu najua mlikuwa mnaisubiri.

Bahasha ya kwanza haiji kama bahasha. Inakuja kama ukarimu, na sisi watu wa pwani ukarimu ndio malezi yetu, kumkatalia mtu chakula ni kama kumtukana. Mwenyekiti wa timu anakupigia: "Mwanangu, umefika salama? Umeshakula? Nimemwambia kijana akuletee wali na samaki." Ni maneno mazuri. Ukila, hajakuomba kitu. Kesho anakutafutia lifti. Keshokutwa mtoto wako anaumwa, yeye anajua, anatuma hela ya dawa. Siku atakayokuja kuomba, atakuwa anadai. Kwa hiyo kata mapema, kata kwa adabu: "Nashukuru mzee, nimeshakula, tutaonana uwanjani." Kula kwa mama ntilie kwa hela yako. Usilale nyumba ya wageni waliyolala wachezaji. Usipande gari la timu hata mvua ikinyesha. Mtu akikufuata, mwambie kamisaa siku hiyohiyo, kwa maandishi. Ukinyamaza kwa siku tatu tayari una siri naye.

Mwaka 2018 mwamuzi msaidizi wa Kenya, jirani yetu hapa, alikuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia Urusi. Kilele cha kazi yote. Ikatoka video ya uchunguzi wa waandishi ikimwonyesha akipokea dola 600. Hakwenda Urusi. Mlima wote ule, miaka yote ya kukimbia alfajiri, ukaporomoka kwa dola 600. Na mwaka mmoja kabla, FIFA ilimfungia maisha mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana kwa mechi ya Afrika Kusini na Senegal ya Novemba 12, 2016. Alitoa penalti kwa madai kwamba Kalidou Koulibaly ameshika mpira, wakati mpira ulimpiga gotini. Afrika Kusini walishinda 2-1. FIFA ikafuta matokeo, mechi ikarudiwa Novemba 2017, Senegal wakashinda 2-0 na kukata tiketi ya Urusi. Fikirieni kama isingerudiwa. Nchi nzima ingeweza kukosa Kombe la Dunia kwa filimbi ya mtu mmoja.

Viongozi wetu mko hapa, na naomba niseme jambo hili mbele yenu kwa heshima zote. Tunawahubiria vijana hawa uadilifu, kisha tunawapangia mechi na posho inalipwa baada ya miezi. Kijana anakopa nauli kwa jirani ili akachezeshe. Anafika, timu zote mbili zina hela, yeye hana hata ya kurudia. Simtetei atakayeanguka, kwa sababu nilipita njia hiyohiyo na najua inawezekana kutoanguka. Lakini kumweka mtu mwenye njaa kulinda jungu si haki. Nauli ya mwamuzi iwe mkononi mwake kabla hajapanda basi. Hilo tunaliweza hata kwenye ngazi ya wilaya, kama tutakata kwenye ada za ushiriki mwanzoni mwa ligi badala ya kungoja mapato ya mlangoni.

Na kuna jambo la mabinti zetu. Ninawaona saba humu ndani, na nimefurahi sana. Januari 18, 2022, mjini Yaoundé, Salima Mukansanga kutoka Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya AFCON ya wanaume, Zimbabwe na Guinea, na mwisho wa mwaka akawa miongoni mwa waamuzi wanawake watatu waliopangwa kwenye Kombe la Dunia Qatar. Mwanamke anayetaka kuchezesha wanaume wa kiwango hicho hapunguziwi sekunde, anakimbia kipimo cha wanaume. Jirani yenu kaweza. Lakini tusiwaachie wao peke yao. Kwenye viwanja vingi chumba cha waamuzi ni kimoja, kama kipo, na binti anabadilisha nguo kwenye nyumba ya mtu jirani. Kamisaa anayekagua milingoti akague na hilo, kabla ya siku ya mechi.

Kuhusu wachezaji sitasema mengi, mtajifunza kwa kuishi nao. Ongea nao kama watu wazima, kwa sauti ambayo wewe mwenyewe ungependa kuongeleshwa. Usimguse mchezaji. Usirudishe tusi. Nahodha akija kwa adabu mpe sababu kwa maneno matano, "Amemvuta jezi, nahodha, twende." Kule kwenye simu, ondokeni kwenye makundi ya WhatsApp ya mashabiki, na ile picha uliyopiga na jezi ya Simba au Yanga ukiwa kidato cha pili, iondoe leo. Mapenzi ya timu uliyokua nayo hakuna atakayekulaumu, ila ukishavaa nyeusi, shabiki wa upande wa pili ana haki ya kutokuwa na shaka nawe.

Na ripoti. Iandikeni usiku uleule, kabla marafiki hawajawasimulia mechi mliyochezesha wenyewe. Ukiandika "mchezaji alinitukana," kamati haina la kufanya na maneno hayo. Andika dakika, andika umbali aliokuwepo, andika tusi lenyewe herufi kwa herufi, hata kama ni zito. Nimeona mchezaji aliyempiga mwamuzi akirudi uwanjani baada ya wiki mbili kwa sababu ripoti ilisema "kulitokea vurugu kidogo." Mwamuzi aliona haya kuandika kwamba alipigwa. Haya hiyo ilimpa mwenzake kipigo mwezi uliofuata.

Yule beki nilimtafuta. Ilinichukua miaka kadhaa kupata ujasiri, nikamkuta anafanya kazi gereji, ameacha mpira kwa sababu ya goti. Nikamwambia, jibu la swali lako ni kwamba sikuona kitu. Aliweka spana chini, akasema alishalijua siku ileile, kwa jinsi nilivyotazama pembeni. Tukanywa kahawa. Akaniomba nikifundisha refa niwaambie kwamba wachezaji wanajua.

Basi, kesho saa 12 asubuhi tuko uwanjani Mkwakwani. Mje na viatu vya kukimbilia, maji lita mbili kila mtu, filimbi mbili na kijitabu. Tutaanza na mita 40, mara 6. Atakayechelewa atakimbia na kundi la pili, jua likiwa limeshapanda.